Ubugari Si Uji: Historia Fupi ya Kumweleza Mgeni Namna ya Kula

Mwaka 2022, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, tulipewa zoezi katika somo la Kiingereza. Tulitakiwa kumweleza mgeni ambaye hajawahi kufika kwetu namna ya kula chakula kimoja cha kwetu, tena kwa Kiingereza cha kawaida, kama mtu anayezungumza mezani. Niliona nimepewa zawadi. Mama yangu ana mgahawa mdogo hapa Batsinda, na chakula kinachotoka kwa wingi kuliko vyote ni ubugari wa muhogo na isombe. Nimekila tangu sijaota meno ya mbele. Niliandika kurasa mbili usiku mmoja, nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Nilipata alama 9 kati ya 20. Kamusi ilikuwa imeniambia kwamba ugali kwa Kiingereza ni "porridge" nzito, basi nikaandika neno hilo kila mahali. Nilimwambia mgeni wangu amege porridge, aifinyange kwa vidole, aitoboe shimo kwa kidole gumba, aitumbukize kwenye majani, kisha aimeze bila kutafuna. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: mtu hufinyangaje uji? Wenzangu walipoisoma walicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, maana hata mimi nilimwona yule mgeni akihangaika na uji unaomtiririka viganjani.

Baadaye swali lile halikunichekesha tena. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu Kiingereza. Nami nilikuwa nimefuata kamusi. Ikiwa mwalimu hakukosea na kamusi sikuipindisha, kosa lilitoka wapi? Mimi ni mwanafunzi wa historia, kwa hiyo nililitafuta kosa hilo katika wakati uliopita. Katika insha hii nitaonyesha kwamba ugumu wa kueleza chakula chetu kwa Kiingereza hautokani na uchache wa maneno katika lugha hiyo. Unatokana na majina ambayo chakula hiki kilipewa na watu waliokitazama bila kukila, na pia unatokana na desturi zetu wenyewe za kumweka mgeni mezani peke yake.

Mwaka tuliohama mara mbili

Nianze na nyumbani. Nilizaliwa Kiyovu ya chini, katikati ya Kigali, sehemu ambayo watu waliizoea kwa jina la Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini. Mwaka 2008 familia nyingi za kule zilihamishiwa Batsinda, katika wilaya ya Gasabo, kwenye nyumba mpya zilizojengwa kwa ajili hiyo. Familia yetu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa na miaka 6. Ninachokikumbuka zaidi ni isekuru, kinu cha mama cha kutwangia majani ya muhogo, kikiwa kimelazwa juu ya magodoro ndani ya gari kama mgonjwa.

Mwaka huohuo serikali iliamua kwamba shule za Rwanda zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Nilianza darasa la kwanza Januari 2009, kwa hiyo mimi ni mmoja wa watoto wa kwanza walioanza shule chini ya uamuzi huo. Mwaka 2007 Rwanda ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Februari 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Nyumbani kwetu Kiswahili hakikuisubiri sheria hiyo. Mama alikulia Bukavu, ambako wazazi wake waliishi ukimbizini, na alirudi Rwanda baada ya 1994 akiwa na Kiswahili cha kule. Mpaka leo akiwa na haraka husema "bugali na sombe", si ubugari n'isombe.

Kwa hiyo nilikua na lugha tatu juu ya meza moja. Kwa Kinyarwanda tulisema gukoza, kugusisha tonge kwenye mboga au mchuzi. Kwa Kiswahili tulisema kumega na kutowelea. Kwa Kiingereza hatukusema kitu, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa lugha ya darasani, na darasani tulijifunza majina ya vyakula kutoka kwenye picha: tufaha, mkate, jibini. Nilijua kuandika kwa Kiingereza jinsi mtu anavyopaka siagi kwenye mkate kabla siagi yenyewe haijaingia nyumbani kwetu.

Muhogo ulivyofika mezani

Msomaji anaweza kudhani kwamba ubugari wa muhogo ni chakula cha tangu enzi za mababu. Sivyo. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika ya Kati katika karne ya 16, ukaingia bara polepole kwa kupitia Kongo, mkulima akimpa jirani yake vipande vya miti. Nchini Rwanda ulienea sana wakati wa utawala wa Wabelgiji. Baada ya njaa kubwa ya 1928 na 1929, ambayo wazee waliiita Rwakayihura, watawala waliwalazimisha wakulima kupanda muhogo na viazi vitamu. Hoja yao ilikuwa kwamba muhogo husubiri ardhini, na nzige wanaomaliza mtama shambani hawaufikii mzizi. Njaa nyingine, Ruzagayura, ilikuja hata hivyo mwaka 1943 na 1944.

Kilimo hicho kilisimamiwa kwa amri na kwa kiboko. Kwa hiyo muhogo uliingia katika nyumba nyingi ukiwa na sura ya mzee wa serikali. Lakini wanawake waliochukua zao hilo jipya walilitendea walivyojua wao. Walijifunza kuloweka muhogo mchungu na kuuanika ili sumu itoke, kisha kuutwanga kuwa unga. Walijifunza kwamba majani nayo yanaliwa, ila ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Unga walisonga kwa namna ileile waliyosongea unga wa mtama na wa ulezi, ambao Kinyarwanda huuita umutsima. Zao likawa la kigeni, mkono ukabaki uleule.

Neno umutsima nalo lina safari yake. Watafsiri wa Biblia ya Kinyarwanda ya Waprotestanti walipofika kwenye neno "mkate", walihitaji jina la chakula ambacho mtu akikikosa hujiona hajala. Hawakuandika "kitu cha ngano kilichookwa". Waliandika umutsima. Kwa hiyo mkate wa Wazungu ulipoingia kwetu, ulikaribishwa kwa jina la heshima la chakula chetu. Sasa tutazame chakula chetu kilipokwenda kwao kilipewa jina gani.

Wageni walioandika kuhusu meza zetu

Sijapata maelezo ya zamani ya mgeni aliyekula isombe Kigali. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Lakini katika Afrika Mashariki na majirani zake wapo wageni walioandika jinsi watu wanavyokula, na nimechagua wawili kwa sababu walifanya kazi ileile niliyoshindwa mimi.

Wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Alikaribishwa kama mwanachuoni, akaletewa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mbao. Juu yake palikuwa na kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na ndimu na pilipili zilizotiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Anaeleza kwamba wenyeji walipokula tonge la wali, walifuatisha kidogo cha vile vikali na vichachu. Anashangaa pia kwamba mtu mmoja wa pale hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao.

Mambo mawili yananivutia hapa. Kwanza, alieleza mwendo: tonge la wali kwanza, kisha kidogo cha kitoweo. Msomaji wa Morocco, ambaye hajawahi kufika Mogadishu, aliweza kuuona mkono ukienda na kurudi. Pili, vile vilivyowekwa juu ya wali aliviita kwa jina, kushan, akalieleza palepale, akaendelea. Hakulitafutia jina la chakula cha Tangier kinachofanana nacho kwa mbali. Aliweza hivyo, nadhani, kwa kuwa alikuwa mlaji. Alikaa mezani siku tatu.

Wa pili ni Audrey Richards, Mwingereza aliyeishi kati ya Wabemba katika nchi ambayo leo ni Zambia, na kuchapisha mwaka 1939 kitabu kikubwa kuhusu ardhi, kazi na chakula chao. Nimekwenda mbali na Rwanda kwa sababu Wabemba wana ubwali, ambao ni ndugu wa ubugari kwa sura na hata kwa jina, na Richards aliueleza kwa undani. Anasimulia jinsi mtu anavyofinyanga tonge, anavyolichovya na kulimeza. Anaeleza pia kwamba mtu aliyekula mahindi kadhaa ya kuchoma huweza kulalamika jioni kwamba hajala kitu kutwa nzima, kwa kuwa kula ni kula ubwali. Kila mama wa Batsinda anaijua habari hiyo. Mdogo wangu akila viazi, chapati na parachichi, bado atauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Lakini Richards, aliyeona vizuri kiasi hicho, ilimbidi aandike kwa Kiingereza, na neno alilolikuta tayari lilikuwa "porridge". Yeye mwenyewe anamwonya msomaji kwamba kitu hiki kigumu hakifanani na kile kinachoitwa hivyo kwao. Kitoweo alikiita "relish", neno ambalo kamusi za Kiswahili na Kiingereza za zama zile nazo zilitumia. Kwa mlaji wa Uingereza, "relish" ni kachumbari au achari kidogo inayowekwa pembeni mwa nyama. Kwa hiyo msomaji wa London alipewa picha ya mtu mwenye bakuli la uji na kijiko cha achari. Kitabu kina onyo. Maneno yalipotoka kitabuni na kuingia katika kamusi, onyo lilibaki nyuma.

Hapa ndipo nilipoona kosa langu lilikotoka. Katika Kiswahili, uji ni uji na ugali ni ugali. Katika Kinyarwanda, igikoma ni igikoma na ubugari ni ubugari. Kimoja hunywewa, kingine humegwa, na mtoto wa miaka 3 hawezi kuvichanganya. Kiingereza cha kamusi kiliviweka vyote chini ya "porridge", kimoja chepesi na kingine kizito, kana kwamba ugali ni uji uliosahaulika motoni. Jina hilo likishakubaliwa, vitendo vyote vinavyofuata vinakuwa vichekesho. Huwezi kumega uji.

Majina hayo yalikuwa na kazi zake. Katika utawala wa Waingereza neno la Kiswahili "posho", lenye maana ya mgao wa chakula au malipo ya siku, lilitumika kwa unga waliopewa wapagazi, askari na vibarua. Nchini Uganda mpaka leo ugali wa mahindi huitwa posho, hata katika Kiingereza cha kule. Unapoita chakula cha watu kwa jina la mgao, umekitazama kutoka upande wa anayegawa. Hapa Rwanda ugali wa mahindi tunauita kawunga, na wengi wetu tuliufahamu katika mabweni, ukiwa na maharagwe, siku tano kwa wiki. Nao una harufu ya foleni.

Jambo limeanza kubadilika. Mwaka 2017 UNESCO iliandikisha nsima ya Malawi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika maelezo yake maneno ya uji mzito bado yamo, lakini yamewekwa baada ya jina, na inaelezwa kwamba nsima ni jina la chakula hicho na pia jina la utamaduni mzima wa kukila. Hilo ndilo nililotaka kulisema katika zoezi langu. Ibn Battuta alikuwa amelifanya miaka karibu 700 iliyopita: sema jina, eleza, endelea.

Meza ya mgeni

Mpaka hapa nimewalaumu wenye kamusi. Haki inanidai niseme na la upande wetu.

Mwaka jana, Jumamosi moja, wageni wanne kutoka Ulaya waliokuwa wakijitolea karibu na kwetu waliingia katika mgahawa wa mama. Waliagiza ubugari na isombe kwa sababu jirani yetu aliwasifia. Mama alifurahi kupita kiasi. Aliwaandalia meza ya pekee karibu na dirisha, akawaletea sahani, uma na visu, kisha akarudi jikoni na kufunga pazia. Mimi nilikuwa kwenye hesabu. Niliona wageni wakikata ubugari vipande vya pembe nne kama keki. Waliimaliza isombe kwanza, wakaisifu, kisha wakabaki na ubugari mtupu mbele yao. Mmoja alitia kipande mdomoni akakitafuna kwa muda mrefu sana. Ubugari wa muhogo ukiutafuna hugeuka kama gundi. Walilipa, wakashukuru, wakaondoka. Ubugari wote ulibaki.

Mama alikusanya sahani bila kusema. Jioni aliniambia, "Mwanangu, wageni wakija tena tutawapa chipsi. Bugali tutakula sisi."

Sentensi hiyo iliniuma kuliko zile alama 9. Ubugari wa mama ulitoka Bukavu, ukaja Kiyovu, ukapanda gari kuja Batsinda, haukuwahi kuondolewa mezani na mtu yeyote. Sasa ulikuwa unataka kuondolewa na uma.

Nilijiuliza kwa nini mama hakuwaonyesha. Jibu lake liko katika historia ya kwetu. Katika Rwanda ya zamani, hasa kwa watu wa tabaka la juu, kula chakula kigumu mbele ya watu kulikuwa aibu. Maziwa na pombe vilinywewa hadharani. Chakula kilikuwa jambo la ndani. Mengi yamebadilika, na Kigali sasa imejaa migahawa, lakini mpaka leo mtu anayetembea barabarani huku anakula hutazamwa vibaya. Bibi yangu, mama yake mama, aliwalea watoto wake Bukavu kwa desturi hiyohiyo. Mgeni anapewa chakula, mwenyeji anajitenga ili amheshimu. Mama yangu ameuza chakula kwa miaka 15 na sijamwona hata mara moja akitia tonge mdomoni mbele ya mteja.

Sisi watoto hatukuhitaji maelezo, kwa kuwa tulikula sinia moja na wakubwa, tukatazama mikono yao. Kama kuna kanuni tuliyoambiwa kwa mdomo, ilikuwa moja: kula upande wako. Waswahili husema usile na kipofu ukamgusa mkono, na sinia ndiyo shule ya methali hiyo. Lakini mgeni tunampa meza yake, sahani yake na faragha yake. Hana mkono wa kuutazama. Kamusi imemdanganya kuhusu jina, na mwenyeji, kwa adabu njema kabisa, amemwacha peke yake na danganyo hilo.

Kuandika upya

Nilirudi kwenye lile zoezi. Safari hii sikufungua kamusi. Nilimwomba mama aketi nami jikoni ale, nami niandike mkono wake unavyofanya, kitendo kimoja baada ya kingine. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba nami nile.

"Unaandika nini?" aliuliza.

"Vidole vyako, mama."

"Vidole vina nini cha kuandikwa?"

Vilikuwa navyo vingi. Kwanza hunawa, na maji ya mwisho hayafuti kabisa, kwa sababu ubugari wa muhogo hunata kwenye vidole vikavu. Hutumia mkono wa kulia tu. Humega kutoka ukingoni, upande ulio karibu naye, hachimbi katikati, kwa kuwa katikati pana moto na huo moto unapaswa kubaki hadi mwisho. Tonge lake ni dogo kuliko nilivyodhani, kama kokwa la parachichi dogo. Haliviringishi kwenye kiganja. Hulizungusha kwa ncha za vidole mara tatu au nne mpaka liwe laini. Kisha kidole gumba hubonyeza, na tonge linakuwa kijiko. Kijiko hicho huteka isombe, hakizami ndani yake. Mdomoni hakai nacho. Isombe, kwa mafuta yake ya mawese na karanga, hulifanya tonge liteleze.

Nilipoyatazama maandishi yangu niliona jambo ambalo sikulijua: kijiko kinaliwa. Ndiyo maana isombe na ubugari huisha pamoja, na mlaji mzuri hujulikana kwa hilo. Wale wageni wanne walikula kijiko na chakula kama vitu viwili tofauti, mtu angefanyaje asichoke?

Baada ya hapo Kiingereza hakikunipa shida. Ubugari uliitwa ubugari, isombe ikaitwa isombe, kila kimoja kikafuatwa na maelezo mafupi ya kilichomo: unga wa muhogo na maji ya moto, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa kwa saa nyingi. Vitendo vilivyobaki ni vya kila siku na Kiingereza kinavyo: nawa, mega, zungusha, bonyeza, teka. Nilitafuta neno moja la kutowelea, sikuridhika na lolote, nikaliacha. Badala yake niliandika kwamba kila tonge huenda na isombe kidogo, na vyote viwili vimalizike kwa pamoja. Zilikuwa sentensi sita. Nilimpelekea yule mwalimu wangu wa mwaka wa kwanza, ingawa zoezi lilikuwa limepita zamani. Alinirudishia akiwa amesahihisha kituo kimoja tu, na akauliza mgahawa uko wapi.

Nilizichapa kwenye karatasi ngumu, nikaziweka kwenye meza ya dirishani. Nilimwomba mama jambo la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi kwake: wageni wakija, pazia lisifungwe.

Hitimisho

Nimejifunza mambo matatu kutokana na alama 9 zangu. La kwanza, tafsiri ya jina la chakula ina historia kama ilivyo ya jina la mji au mto. Aliyekipa jina alikuwa amesimama mahali fulani, na tukilitumia jina hilo tunasimama naye hapohapo. Sisi tulipoupokea mkate tuliuita umutsima. Tuna haki ya kudai heshima kama hiyo kwa ubugari, na njia nyepesi ya kuidai ni kuutaja kwa jina lake bila kuomba radhi.

La pili, lugha ya kawaida haimaanishi kubadilisha kila kitu kiwe kama cha msikilizaji. Ibn Battuta alieleweka bila kufanya hivyo. Maelezo yanakuwa ya kawaida yanapofuata mkono wa mtu halisi, kitendo kwa kitendo.

La tatu linatuhusu sisi wenyeji. Chakula kinachojifunzwa kwa kutazama hakiwezi kumfikia mgeni kwa maandishi peke yake. Desturi ya kumwachia mgeni faragha ilikuwa heshima wakati ambapo kila mgeni alijua kula. Leo mgeni anaweza kuwa ametoka mahali ambapo ugali ni neno la kamusi, na heshima kwake inaweza kuwa kuketi.

Mwezi uliopita wawili kati ya wale wageni wanne walirudi, wakiwa na mwenzao mpya. Waliisoma karatasi kwa sauti, wakanawa. Yule mpya alibonyeza tonge lake kwa nguvu mpaka likatoboka, isombe ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alisimama kutafuta kitambaa, amekuwa mwekundu usoni. Mama alitoka jikoni na jagi la maji. Alimmiminia, akavuta kiti, akanawa mkono wake mwenyewe. Kisha akamega tonge kutoka kwenye sahani ya mgeni, upande wake, akalizungusha mara tatu, akalibonyeza taratibu, akateka, akala.

"Namna hii," alisema kwa Kiswahili. Hakuna aliyeomba tafsiri.